Kabla ya Ngome Palikuwa na Mji



Likizo ya shule imekaribia, na kama ilivyo ada ya safu hii twapenda kusema neno juu ya mahali pa kuwatembeza watoto. Safari hii hatutavuka Likoni wala Nyali. Twabaki hapa hapa kisiwani, katika Mji wa Kale wa Mvita. Wapo wengi miongoni mwetu waliozaliwa Kibokoni au Kuze, wakalelewa, wakaolewa, wakapata wajukuu, wala hawajaingia Ngomeni ila ile mara moja walipopelekwa na shule. Mgeni wa Ulaya hutenga siku nzima kwa ajili yake. Sisi hupita mlangoni tukielekea sokoni.

Shauri letu la kwanza ni kwamba msianzie Ngomeni. Mtoto aanziaye hapo huondoka na dhana kwamba Mombasa ilizaliwa siku Mreno alipotia nanga. Ngome ya Yesu ilijengwa kuanzia mwaka 1593 hadi 1596, kwa ramani ya fundi Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Lakini Ibn Battuta alilala usiku mmoja kisiwani humu mwaka 1331, zaidi ya karne mbili na nusu kabla ya jiwe la kwanza la ngome hiyo. Alikuta watu wa madhehebu ya Shafi, akawasifu kwa dini na uadilifu wao, akataja ndizi na samaki waliokuwa chakula chao. Aliona pia misikiti ya mbao iliyojengwa kwa uhodari, na penye milango yake visima vifupi vya kutekea maji kwa kata ya mti, ili kila aingiaye aoshe miguu kwanza. Mji uliokuwa na adabu hiyo ya tohara haukuwa mji wa jana.

Basi anzieni Msikiti wa Mandhry, ambao mwaka wake watajwa kuwa 1570. Maana yake, Wareno walipoanza kuchimba msingi wa ngome, adhana ilikuwa ikisikika hapo kwa zaidi ya miaka 20. Tazameni mnara wake mnene usio na madoido, ambao haufanani na minara ya Misri wala ya Uturuki. Ni mnara wa pwani yetu, wa mawe ya matumbawe na chokaa. Karibu yake kipo kisima. Hapo ndipo pa kumsimulia mtoto habari ya Ibn Battuta, kwani ataielewa kwa macho. Wakati wa swala msikiti ni wa wenye kuswali, si wa wenye kutazama, kwa hivyo pangeni ziara yenu baina ya vipindi.

Kutoka hapo shikeni Ndia Kuu mwende polepole. Wenye haraka hawaoni kitu katika mitaa hii, maana uzuri wake uko juu ya vichwa na kandokando ya milango: roshani za mbao zilizochongwa, mabaraza ya mawe, milango ya nakshi ambayo mingine ina mkono wa Kihindi na mingine wa Kiarabu, na fundi wake huenda alikuwa Mswahili. Teremkeni mpaka Bandari ya Kale, ambako majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalikuja na msimu wa kaskazi na kurudi na kusi. Msikiti wa Mabohora uko jirani. Waulizeni watoto: katika ukoo wetu, nani alikuja na jahazi, na nani alimkuta hapa? Nyumba nyingi za Mvita zina jibu la Hadhramaut upande mmoja na la Mijikenda, Bajuni au Baluchistani upande wa pili. Si aibu kulisema lote, ingawa twajua ziko familia zipendazo kulisema nusu.

Sasa ingieni Ngomeni. Kuta zake hazihitaji maelezo. Watoto watakimbilia mizinga wenyewe. Yanayohitaji mzazi ni mambo mawili ambayo hupitwa upesi.

La kwanza ni habari ya Yusuf bin Hassan. Baba yake, aliyekuwa mfalme wa Mombasa, aliuawa kwa hila za Wareno mwaka 1614. Mtoto akachukuliwa hadi Goa, akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo, akafunzwa ya Kireno, kisha akarudishwa kutawala chini ya mkono wao. Agosti 1631 aliingia Ngomeni, akamuua kapteni, akautangaza Uislamu wake. Mwaka uliofuata aliiacha ngome akaondoka kwa bahari. Baadhi yetu huisimulia habari hii kwa kujigamba, na hilo hatuliungi mkono. Katika siku zile waliuawa pia wanawake na watoto wa Kireno, na dini yetu imekataza hilo hata vitani. Mtoto wa miaka kumi aweza kubeba mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtoto mwenziwe alinyang'anywa wazazi, jina na dini, na kwamba aliyedhulumiwa naye alidhulumu.

La pili ni la wanawake. Waomani waliizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Disemba 1698, karibu miaka mitatu. Maradhi yaliwamaliza Wareno waliokuwa ndani, na ikafika wakati katika mwaka 1697 ambapo walinzi waliobaki walikuwa Bwana Daud wa Faza na jamaa zake, wanaume wachache wa Kiafrika, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Wanawake hao walishika bunduki wakalinda kuta. Majina yao hatunayo. Tuliyenaye ni kila kapteni, na tarehe aliyofia. Mkifika juu ya boma linalotazama bahari, waonyesheni mabinti zenu mahali hapo.

Kwa wapenda lugha kuna la ziada. Waingereza waliifanya ngome hii gereza tangu 1895 hadi 1958, na wataalamu wa lugha husema neno lenyewe, gereza, latokana na neno la Kireno la kanisa. Meza na bendera nayo yalitoka huko huko. Mreno ameondoka, maneno yamebaki jikoni mwetu.

Lakini ipo turathi isiyolindwa na lango wala kiingilio, nayo ni nyumba zetu wenyewe. Nyumba ya Mji wa Kale hufa kwa njia tunayoijua sote. Mwenyewe hufariki, mirathi haigawanywi, warithi hufika kumi na tano, mmoja yuko Jidda, mwengine Uingereza, na hakuna akubaliye kutoa fedha ya kuziba dari. Mvua huingia. Mlango hung'olewa ukauzwa kwa mgeni. Mwisho ukuta huanguka, na mahali pake huinuka ghorofa ya saruji isiyo na baraza. Halafu twalalamika kwamba mji unapotea, kana kwamba umechukuliwa na mwizi. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi kisheria, lakini sheria haiwezi kuziba dari la watu wasiosikizana. Kugawa mirathi mapema ni amri ya dini kabla ya kuwa shauri la turathi, na familia ishindwayo kuitunza nyumba yaweza kufikiria wakfu, kama walivyofanya wazee wengi wa mji huu kwa nyumba, visima na mashamba. Angalau pigeni picha mlango ukiwa bado upo, na mwandike nyuma yake nani aliingia kupitia hapo akiwa bibi harusi.

Ziara yetu huishia mtaa wa Biashara, kwa sababu miguu ya watoto itakuwa imechoka na kwa sababu ya leso. Neno hilo nalo ni la Kireno, kitambaa cha mkononi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, ndilo litoalo leso zenye chapa ya Mali ya Abdulla. Mfanyabiashara wake ni wa asili ya Bara Hindi, na jina lililoandikwa chini ni Kiswahili, ambalo zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kama kabatini kwa bibi imebaki leso ya aina hiyo, mwombeni awasomee watoto jina lake kabla hamjatoka nyumbani, kisha mkamnunulie jozi nyengine mkirudi.