Sauti ni Yake, Maneno ni ya Nani?

Mwaka wa 2009, jijini Nairobi, kijana wa Rwanda aitwaye Alpha Rwirangira alitawazwa mshindi wa awamu ya tatu ya shindano la uimbaji la Tusker Project Fame. Nchi yake ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki miaka miwili tu kabla ya hapo, naye akawa Mnyarwanda wa kwanza kulitwaa taji hilo. Mwaka wa 2011, nyota wa awamu zilizotangulia waliporejeshwa jukwaani kupambana wao kwa wao, alishinda tena. Baadaye alivuka bahari kwenda kusomea muziki katika Chuo Kikuu cha Campbellsville, jimbo la Kentucky, Marekani. Hii ni safari ya kupigiwa mfano, na vijana wengi wa kanda hii waliifuatilia kwenye runinga wakatamani iwe yao.

Hata hivyo, msomi wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuishia kwenye vigelegele. Ana wajibu wa kuuliza swali ambalo kwenye jukwaa lile halikupewa uzito: sauti ilikuwa ya kijana mwenyewe, lakini maneno yalikuwa ya nani? Kwa sehemu kubwa, washindani walipimwa kwa nyimbo za watu wengine, nyingi zikiwa za Kiingereza na zilizokwisha kuvuma Marekani na Uingereza. Lakini tazama yaliyofuata baada ya ushindi. Miongoni mwa nyimbo zilizomtambulisha Rwirangira kama msanii anayejitegemea ni ‘Songa Mbele’. Naye Mkenya Valerie Kimani, aliyefungua orodha ya washindi mwaka wa 2006, hukumbukwa kwa ‘Baisikeli’. Walipotoka kwenye shindano na kutaka kusema na umma wa Afrika Mashariki kwa jina lao wenyewe, wote wawili walibisha mlango wa Kiswahili. Kwa Rwirangira, hilo lilitokea miaka kadhaa kabla ya Bunge la Rwanda kukipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka wa 2017. Mwimbaji alilitangulia Bunge.

Makala haya yanashikilia kwamba shindano la runinga lililea koo la mwimbaji likaisahau kalamu yake, na kwamba pengo hilo haliwahusu watayarishaji wa vipindi peke yao. Linawahusu pia wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Ili kuielewa kasoro hii, yafaa kuuchunguza mtambo wenyewe. Mashindano ya aina hii hayakuzaliwa hapa. Uingereza ilikuwa na Pop Idol mwaka wa 2001, Marekani ikafuata na American Idol mwaka wa 2002, na Ulaya ilikwisha kubuni mtindo wa kuwaweka waimbaji chipukizi katika nyumba moja ya mafunzo huku kamera zikiwafuata. Mtindo huo wa nyumba ndio uliofuatwa na Project Fame. Mshindani alipewa wimbo, akafunzwa na walimu wa sauti kwa siku chache, kisha mwisho wa juma akasimama mbele ya majaji. Watazamaji nao walipiga kura kwa ujumbe mfupi wa simu kumwokoa wampendaye. Ratiba ya juma moja haina nafasi ya kutunga. Aidha, wimbo unaofahamika humrahisishia mtazamaji kazi ya kuhukumu: anamlinganisha chipukizi na mwimbaji wa awali, anaona aliyekaribia na aliyepungukiwa, kisha anapiga kura. Wimbo mpya humtaka mtazamaji asikilize maneno, ayatafakari, pengine ausikie mara ya pili na ya tatu. Biashara ya runinga haina subira hiyo.

Matokeo yake yanaonekana kwenye orodha ya washindi. Katika awamu sita za kawaida, Kenya ilipata washindi wawili, Valerie Kimani na Ruth Matete wa mwaka wa 2012. Uganda ikapata wawili, Esther Nabaasa na Davis Ntare. Rwanda ikapata Rwirangira. Na Burundi ikapata Hope Irakoze mwaka wa 2013, katika awamu iliyokuwa ya mwisho. Tanzania haikupata hata mmoja. Aliyelikaribia taji ni Peter Msechu, aliyeshika nafasi ya pili mwaka wa 2010. Jambo hili linashangaza. Katika miaka hiyo hiyo, nyimbo za Bongo Fleva za akina Lady Jaydee na Profesa Jay zilikuwa zikipigwa katika redio, matatu na kumbi za burudani kuanzia Mombasa hadi Bujumbura. Nchi iliyokuwa ikiimbiwa na kuimbwa na kanda nzima haikuweza kushinda shindano la uimbaji la kanda hiyo. Hapana budi kukiri kwamba sababu za kushindwa ni nyingi, zikiwemo kura na bahati. Lakini ni vigumu kuamini kwamba mizani iliyopima wimbo wa Kiingereza juma baada ya juma haikumwonea yule ambaye nguvu zake zote zilikuwa katika Kiswahili.

Je, dawa ni kubadilisha lugha tu? La hasha. Tanzania yenyewe ilianzisha shindano lake, Bongo Star Search, ambalo majaji wake, wakiongozwa na Rita Paulsen, huzungumza Kiswahili na vijana. Huko nako chipukizi huanza kwa kuimba nyimbo za waliomtangulia. Kuiga Kiswahili cha mwingine ni kuiga vilevile. Anayestahili kutazamwa hapa ni Kala Jeremiah, aliyepitia shindano hilo bila kutwaa taji. Baadaye alijijengea jina kwa mashairi yake mwenyewe ya hip hop, yanayozungumzia maisha ya mnyonge. Runinga haikumpa taji, lakini alikuwa na la kusema, na hadhira ikamfuata.

Ajabu ni kwamba Waswahili hawakuhitaji kufunzwa na mtu namna ya kushindana kwa wimbo. Katika ngoma ya gungu, malenga alifunga fumbo kwa wimbo na mwenzake akatakiwa alifumbue kwa wimbo papo hapo. Aliyeshindwa kujibu alikuwa ameshindwa, hata kama sauti yake ilikuwa tamu kama asali. Karne ya kumi na tisa ilipoanza, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana tungo juu ya uhasama wa miji yao, na tungo hizo zinasomwa vyuoni hadi leo. Katika karne ya ishirini, vikundi vya beni kama Arinoti na Marini vilishindana kwa gwaride, mavazi na nyimbo za kukejeliana. Vilabu vya taarab navyo vikarithi ushindani huo, hadi enzi za mipasho. Katika mashindano yote hayo, hadhira ilikuwa ndiyo jaji, kama ilivyo kwenye runinga. Tofauti ni kwamba hadhira ile ilihukumu utunzi na uimbaji kwa pamoja. Fanani asiye na neno lake hakuwa na silaha.

Mfano ulio bora zaidi wa chipukizi kupanda bila kuliacha neno lake ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka wa 1880, katika ufukara wa familia ya wafinyanzi, akahamia mjini na kujifunza kuimba. Mwaka wa 1928 alisafiri na kundi lake hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahili kitabu, akaandika wasifu wake. Siti alikuwa na sauti, hilo halina ubishi. Lakini kilichomfanya awe wa watu ni kwamba kundi lake liliimba mambo ya mji kwa lugha ya mji. Wimbo wa ‘Kijiti’ unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni na hukumu ambayo wengi waliiona si ya haki. Msikilizaji wa Ng’ambo alikisikia kisa chake mwenyewe kwenye santuri, akainunua.

Wapo watakaosema kwamba kuiga ni hatua ya lazima katika kujifunza. Hoja hii ina uzito. Mwanagenzi wa ushairi naye hukariri tungo za wakongwe kabla ya kuzimudu bahari mwenyewe, na mwimbaji hujifunza kupumua, kupanda na kushuka kwa kuimba nyimbo ngumu za wengine. Lakini kukariri ni darasa. Mtahini anayempa mwanafunzi shahada kwa sababu amekariri vyema utenzi wa mtu mwingine angechekwa katika idara yoyote ya Kiswahili. Mashindano ya runinga yalifanya hivyo hasa: yaligeuza zoezi la darasani kuwa mtihani wa mwisho, yakatoa taji.

Na anayeumia ni kijana mwenyewe. Ruth Matete aliposhinda mwaka wa 2012, zawadi ilikuwa shilingi milioni 5 za Kenya pamoja na mkataba wa kurekodi. Ni kitita kikubwa kwa kijana yeyote. Lakini fedha hutumika zikaisha, mkataba huwa na tarehe ya mwisho, na mwaka unaofuata kamera humtafuta mshindi mwingine. Kinachodumu mikononi mwa msanii ni utunzi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 humlinda mtunzi wa maneno na muziki, na malipo ya utunzi humwendea yeye kila kazi yake inapotumika. Aliyejenga jina kwa nyimbo za kuazima anaweza kushangiliwa na nchi nzima, kisha arudi nyumbani bila wimbo hata mmoja ulio mali yake. Mtoto huyo amepandishwa mnazi, akaachwa kileleni bila kufunzwa kuangua.

Ni rahisi kuwalaumu wafadhili na watayarishaji, na lawama nyingine wanastahili. Lakini idara za Kiswahili nazo zijikague. Mwanafunzi anaweza kumaliza shahada akiwa amechambua tungo za Muyaka ubeti kwa ubeti, asiwahi kuombwa kuchambua hata wimbo mmoja wa Bongo Fleva. Nyimbo hizo huitwa za vijana, kana kwamba Muyaka alizaliwa mzee. Mkiwaachia watu wa matangazo ya biashara kazi ya kusema wimbo bora ni upi, msishangae wakichagua ule unaouza.

Yapo mambo matatu yanayowezekana. Kwanza, shindano lolote la uimbaji litakaloanzishwa au kufufuliwa katika kanda hii liweke sharti kwamba waliofika hatua za mwisho waimbe utunzi wao wenyewe, kwa Kiswahili au kwa lugha zao za kwanza, na wapewe majuma ya kutosha kuuandaa. Pili, kwenye meza ya majaji akae mjuzi wa ushairi, atakayeweza kumwambia chipukizi kwamba noti zake zimekaa sawa ilhali ubeti wake wa pili hauna hoja. Tatu, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu visingoje runinga. Ukumbi wa chuo, kipaza sauti kimoja na gitaa vinatosha kuandaa shindano la tungo za kuimbwa, ambapo chipukizi wa mtaa wa jirani na mwanafunzi wa shahada ya uzamili watakaa chumba kimoja, mmoja akileta sauti na mwingine akileta jicho la uhakiki. Tungo bora zichapishwe katika majarida ya vyama hivi, jina la mtunzi likiwa juu yake.

Rwirangira alifika kileleni kwa kipaji na bidii, na hakuna anayemnyang’anya haki hiyo. Ila alipofika, ilimbidi ajitafutie mwenyewe lugha ya kusema na waliompigia kura. Chipukizi wajao wasiachwe waitafute peke yao, hali kuna mamia ya wanafunzi wanaoisomea lugha hiyo kila mwaka. Chama kitakachoandaa shindano la kwanza la aina hii muhula ujao kitakuwa kimewatangulia watayarishaji wa runinga, na watakaotaka kushinda huko watalazimika kuja hapa kwanza kujifunza kutunga.