Mimi Sikumpa Mama Presha

Hebu tumalize hii stori leo.

Tangu niache chuo, kuna sentensi moja nasikia kila kona ya Garsen: "Huyu ndiye aliyempa mamake presha." Shangazi kaisema. Mzee wa duka kaisema. Juzi mtu hata simjui kaiandika chini ya video yangu ya kuchekesha watu. Haya, sasa nijibu.

Mama alipimwa presha mara ya kwanza maishani akiwa na miaka 47. Mara ya kwanza, wajameni! Na hata hakwenda kwa ajili ya presha, alikwenda kwa mguu. Nesi akamfunga ile mashine: 172 juu ya 104. Akarudishwa siku nyingine, bado iko juu. Wakati huo mimi nilikuwa kampasi, ada imelipwa, nahudhuria madarasa kama mtoto mzuri. Niliacha miezi saba baadaye. Sasa niambieni, nilimpa presha kwa barua?

Lakini kinachonikera si jina langu. Ni hilo neno "mawazo". Kila mtu hapa akiugua presha tunauliza nani kamuudhi. Mume? Mtoto? Mashamba? Halafu tunamwambia "punguza mawazo, mama," na tunaona tumemtibu. Sikatai, ukishtuka presha inapanda, na mtu anayekosa usingizi kwa shida miaka nenda miaka rudi, mwili unalipa. Lakini mbona hamuulizi kuhusu jikoni?

Samaki mkavu aliyelala kwenye chumvi, hiyo moja. Mchuzi unatiwa kile kiungo cha kipakiti ambacho tayari kina chumvi nyingi, halafu na chumvi yenyewe, kisha mtu anakaa mezani ananyunyiza tena kabla hajaonja. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na hapo umejumlisha chakula chote cha siku. Kwetu hicho kijiko kinaisha saa sita mchana. Chumvi inavuta maji yabaki kwenye damu, damu inajaa, mishipa inasukumwa kwa nguvu usiku na mchana, na wewe huhisi chochote. Ndiyo ubaya wake. Haiumi.

Tena si jikoni tu. Kule Ozi na Kipini, mto Tana ukipungua, maji ya bahari yanapanda juu. Kule Bangladesh, pwani yenye shida kama hii, watafiti wamekuta wajawazito wanaokunywa maji ya chumvi wanapata presha zaidi. Mjamzito mwenye presha anaweza kupata kifafa cha mimba, na huyo mara nyingi ni binti wa rika letu. Naye mtamwambia ni mawazo?

Na damu pia inarithiwa. Bibi, mamake mama, alianguka uani upande mmoja ukafa. Tuliambiwa ni jini. Hakuna aliyesema kiharusi, hakuna aliyewaambia watoto wake wakapimwe. Mngesema siku ile, mama asingesubiri mpaka 47.

Sasa nyinyi vijana mnaocheka hapo, msijifiche. Nawaona pale steji ya Minjila, muguka shavuni tangu jioni, kopo la kinywaji cha nguvu mkononi, sigara juu yake, moyo unapiga kama ngoma ya harusi, na bado mnasema presha ni ya wazee wenye vitambi. Kuna wale wa bodaboda pia, mgongo ukiuma ni diclofenac kila siku kutoka dukani kama peremende. Hiyo dawa ikitumika ovyo inapandisha presha na kuumiza figo. Muuzaji hakuambii.

Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamepimwa hata siku moja. Hawakujua kama wanayo au hawana, lakini bila shaka walikuwa na mtu wa kumlaumu.

Nilipompeleka mama kliniki mwezi uliopita, nami nikafungwa mashine, kwa utani tu. 138 juu ya 88. Nesi hakucheka. Alisema ikifika 140 juu ya 90 na ikarudia, tunaanza mazungumzo mengine, nirudi baada ya wiki mbili. Mimi, miaka 22! Muguka nimeacha. Ile chupa ya chumvi nimeitoa mezani, na mama kaninunia siku tatu, kwa hivyo labda sasa ndiyo nampa mawazo kweli.

Shangazi, najua unasoma hii. Wewe na mama ni toka nitoke, na hujawahi kupimwa. Jumatatu saa mbili asubuhi nakupitia na pikipiki.