Karata Safi Hazitoshi

Mtu anayetaka kucheza blackjack kwenye simu yake huanza na swali moja: hawa jamaa hawachezi rafu? Jibu la wenzake limeshakuwa kama kanuni. Tafuta kampuni yenye leseni, hakikisha programu yake imekaguliwa, basi, umepata mchezo wa haki. Wenye uzoefu kidogo huongeza la pili: chagua meza yenye pakiti moja ya karata, maana pakiti zikiwa chache kasino nayo hupata kidogo.

Naupinga ushauri huu. Una ukweli ndani yake, lakini unamkinga mchezaji na hatari ndogo huku ukimwacha wazi mbele ya kubwa. Kwenye kampuni zilizosajiliwa na kukaguliwa, pesa za watu haziendi kwa karata zilizochezewa. Zinakwenda kwa sheria za mchezo, zilizoandikwa waziwazi kwenye ukurasa ambao wachezaji wengi hawaufungui.

Tuanze na cheti. Maabara kama eCOGRA ya London au GLI ya New Jersey zinapokagua mchezo, zinapima kama karata zinatoka kwa nasibu ya kweli na kama malipo yanafuata sheria zilizotangazwa. Jimbo la Nevada limeweka hata kwenye kanuni zake kwamba mashine inayoigiza karata lazima itoe kila karata kwa uwezekano uleule wa pakiti halisi. Kazi hiyo ni ya maana sana, na tovuti isiyo na leseni wala ukaguzi haistahili shilingi ya mtu. Lakini cheti hakisemi kama sheria zenyewe ni nafuu au ni za kumnyonya mchezaji. Muhuri wa Wakala wa Vipimo kwenye mizani ya muuza nyama unathibitisha kwamba kilo ni kilo. Bei ya kilo ni habari nyingine. Mchezo unaweza kuwa na vyeti vyote na bado ukawa ghali kupindukia.

Bei ya blackjack ni ile sehemu ya kila dau ambayo kasino hutarajia kubaki nayo kwa wastani wa raundi nyingi. Faida ya kasino ikiwa asilimia 0.5, kila shilingi 1,000 unayoweka inakugharimu shilingi 5, ushinde leo au ushindwe. Faida hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye zamu. Mchezaji hutangulia, na akivuka 21 dau lake huchukuliwa papo hapo, hata kama mgawaji naye atavuka baadaye. Mtu akicheza kwa kumuiga mgawaji, yaani achukue karata hadi afike 17 ndipo asimame, wote wawili watavuka takriban mara 8 katika raundi 100, na mara zote hizo pesa ni ya kasino.

Kila ruhusa anayopewa mchezaji ipo ili kulipunguza pengo hilo. Anaweza kusimama mapema mgawaji anapoonyesha karata dhaifu. Anaweza kuzidisha dau mara mbili, au kutenganisha karata mbili zinazofanana. Na akipata blackjack, yaani ree pamoja na karata yenye thamani ya kumi katika karata zake mbili za kwanza, analipwa zaidi ya dau lake. Hizi ndizo fidia za kutangulia kucheza. Ukiondolewa mojawapo, bei imepanda, hata kama meza inaonekana ileile na karata ni safi vilevile.

Fidia kubwa kuliko zote ni hiyo ya mwisho. Kwa desturi blackjack hulipwa 3 kwa 2: dau la shilingi 10,000 huleta 15,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kasino za Las Vegas zilianza kueneza meza zinazolipa 6 kwa 5, na malipo hayo yamehamia kwenye michezo ya intaneti. Dau lilelile la 10,000 sasa huleta 12,000. Mtu akitupa jicho tu, 6 na 5 ni namba kubwa kuliko 3 na 2, kwa hiyo hahisi kitu. Lakini blackjack huja takriban mara moja katika raundi 21. Ukiondoa zile chache zinazoishia sare na mgawaji, mchezaji wa 10,000 kwa raundi anapoteza kama shilingi 13,600 za ziada katika kila raundi 100. Hiyo ni karibu asilimia 1.36 juu ya mchezo ambao, ukiwa na sheria nzuri, ungemgharimu asilimia 0.4 hivi kwa jumla.

Hapo ndipo ushauri wa pakiti moja unapogeuka mtego. Ni kweli kwamba sheria nyingine zote zikibaki vilevile, kutoka pakiti nane hadi moja humpunguzia mchezaji karibu nusu asilimia. Tatizo ni kwamba hazibaki vilevile. Kasino zinajua sifa ya pakiti moja, na ndiyo iliyotumika kama chambo pale 6 kwa 5 ilipoingizwa Las Vegas. Chukua meza ya pakiti moja inayolipa 6 kwa 5, ambapo mgawaji huongeza karata akiwa na 17 yenye ree inayohesabiwa 11, na mchezaji hana ruhusa ya kuzidisha dau baada ya kutenganisha. Faida ya kasino hapo ni karibu asilimia 1.5. Sasa chukua meza ya pakiti sita inayolipa 3 kwa 2, ambapo mgawaji husimama kwenye kila 17 na ruhusa hiyo ipo. Faida iko karibu 0.4. Aliyekimbilia pakiti moja analipa zaidi ya mara tatu ya yule aliyebaki na pakiti sita.

Kwa hiyo mpangilio wa maswali ubadilike. La kwanza, kabla ya idadi ya pakiti, ni blackjack inalipwa ngapi. La pili, mgawaji anafanya nini na 17 ile yenye ree: akisimama, mchezaji ameokoa karibu asilimia 0.2. La tatu, dau linaweza kuzidishwa kwa karata zozote mbili za kwanza, au kwa 10 na 11 peke yake? Kizuizi hicho nacho kina uzito wa karibu 0.2. La nne, inaruhusiwa kuzidisha baada ya kutenganisha? Hiyo ni kama 0.14. Ruhusa ya kujitoa kwa kupoteza nusu ya dau ni kama 0.08. Ndipo uhesabu pakiti. Na ukiona mchezo unaompa mgawaji sare zote, uufunge, hata kama umepambwa kwa ruhusa nyingine nzuri. Sare huja zaidi ya mara 8 katika raundi 100, na hakuna ruhusa ndogo inayoweza kulifidia shimo hilo.

Majibu haya yanapatikana bila kuweka hata senti. Mengine yamechapishwa kwenye kitambaa cha meza, mengine yako kwenye ukurasa wa maelezo ya mchezo. Michael Shackleford, mtaalamu wa hesabu za michezo ya kubahatisha wa Marekani, ameweka kwenye intaneti kikokotoo cha bure: unaingiza sheria za meza, kinakupa faida ya kasino. Kampuni isiyoonyesha sheria zake kabla ya kupokea dau imeshajibu swali lako.

Ndani ya meza nzuri bado kuna mitego inayouzwa kama hekima. Wengi huamini kwamba mgawaji akionyesha ree, mwenye busara hununua bima, yaani dau la pembeni linalolipa 2 kwa 1 mgawaji akiwa na blackjack. Tuhesabu kwa pakiti sita. Ukiondoa ree hiyo moja, zimebaki karata 311, na kati yake 96 zina thamani ya kumi. Weka bima ya shilingi 1,000 mara moja kwa kila karata iliyobaki. Mara 96 utalipwa 2,000, jumla 192,000. Mara 215 utapoteza 1,000, jumla 215,000. Umebaki na hasara ya 23,000, sawa na asilimia 7.4 ya pesa uliyoweka. Hiyo ni dau jingine, ghali mara nyingi kuliko mchezo wenyewe, lililopewa jina la ulinzi. Madau ya pembeni, yale ya kubahatisha jozi na mfano wake, nayo kwa kawaida ni ghali kuliko dau kuu.

Kuna mwenzangu atakayesema: basi, nimekubali, nitatafuta meza ya 0.4 na nimemaliza. Hajamaliza. Kwanza, 0.4 ni bei ya anayecheza kila raundi kwa usahihi. Jedwali la uchezaji sahihi si siri: wanajeshi wanne wa Marekani, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walilikokotoa kwa mashine za kuhesabia za mezani na kulichapisha mwaka 1956. Anayecheza kwa kukisia hujipandishia bei mwenyewe, na hasara ya makosa yake inaweza kuzidi unafuu wote alioupata kwa kuchagua meza.

Pili, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, asilimia bila kasi haina maana. Kwenye kasino yenye meza iliyojaa watu, raundi 60 kwa saa ni mwendo wa kawaida. Kwenye simu, ukiwa peke yako, unaweza kufika 300. Weka shilingi 1,000 kwa raundi. Meza ya kasino yenye sheria mbovu za asilimia 2 itakugharimu wastani wa 1,200 kwa saa. Mchezo wa simu wenye sheria nzuri za asilimia 0.5 utakugharimu 1,500. Aliyejisifu kwa kupata bei nafuu ametoka na hasara kubwa zaidi, kwa sababu amenunua mara tano zaidi. Na haoni. Katika raundi hizo 300, kupanda au kushuka kwa shilingi 20,000 ni jambo la kawaida, hivyo 1,500 inafunikwa kabisa na mawimbi ya bahati. Leo amepata 15,000, anasema tovuti hii inalipa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari hilohilo ndilo linaloifichua bonasi. Tuseme unapewa shilingi 10,000 kwa sharti la kuzizungusha mara 40, na dau la blackjack linahesabiwa asilimia 10 tu ya thamani yake. Masharti ya namna hii yapo mengi. Maana yake ni kwamba lazima ucheze madau ya jumla ya 4,000,000 kabla ya kutoa pesa. Kwa asilimia 0.5, gharama yake ya wastani ni 20,000. Zawadi ya 10,000 umeilipia mara mbili.

Na kuhesabu karata? Edward Thorp alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1962, Beat the Dealer, kwamba mchezaji anayekumbuka karata zilizokwisha kutoka anaweza kuishinda kasino. Hoja yake ilisimama juu ya pakiti inayopungua raundi baada ya raundi. Michezo mingi ya programu huchanganya karata upya kila raundi, kwa hiyo hakuna cha kukumbuka. Anayekuuzia mbinu ya kuhesabu karata kwenye michezo hiyo anakuuzia hewa.

Kuna wasomaji ambao dini yao imeufunga mlango huu moja kwa moja. Msimamo wao nauheshimu, na hesabu zilizo hapa zinauunga mkono: hakuna sheria nzuri kiasi cha kuigeuza blackjack ya simu kuwa kipato. Meza bora kabisa bado ni burudani inayolipiwa. Anayeicheza ili alipe kodi ya nyumba au ada ya shule atapata madhara yaleyale ya meza mbovu, tofauti ikiwa muda tu.

Lakini watu wanacheza, na anayelipia kitu ana haki ya kujua bei yake kabla ya kulipa. Historia inaonyesha kwamba mchezaji anayejua bei ana nguvu. Mwaka 1964, baada ya kitabu cha Thorp kuwatisha, wenye kasino wa Las Vegas walibana sheria za kuzidisha dau na kutenganisha ree. Wateja wakazikimbia meza, na ndani ya muda mfupi sheria za zamani zikarudishwa. Miaka 40 baadaye, 6 kwa 5 iliingia na watu wakaendelea kukaa, ingawa ilikuwa na hasara kubwa zaidi kwao. Waliobaki hawakuwa wamepiga hesabu.

Ndiyo maana nasema ukaguzi wa karata pekee ni nusu ya haki. Mamlaka zinazosimamia michezo ya kubahatisha Tanzania na Kenya ziende hatua moja mbele. Zitake kila mchezo uonyeshe kwenye kioo, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, blackjack inalipwa ngapi, faida ya kasino ni asilimia ngapi, na saa moja ya kucheza kwa dau ulilochagua inagharimu wastani wa shilingi ngapi. Hesabu hizo kampuni tayari zinazo. Bila hizo zisingeweza kuendesha biashara. Anayezificha asiruhusiwe kuuita mchezo wake wa haki, na sisi tusiuite hivyo kwa sababu tu karata zake ni safi.