Mfalme Mkimbizi na Chimbuko la Sanaa: Kisa cha Humayun

Imezoeleka katika uhakiki wa sanaa za Kiislamu kuzipanga kazi kwa majina ya nchi: hii ni ya Kiirani, ile ni ya Kihindi. Mpango huo unamfaa mtunza makumbusho, lakini unapotosha pale ambapo sanaa imezaliwa na baraza la mfalme aliyekimbia nchi yake. Mfano ulio wazi ni wa Humayun, mfalme wa pili wa nasaba ya Mughal.

Baada ya kushindwa na Sher Shah mwaka 1540, Humayun alipoteza ufalme wake katika Bara Hindi, na mwaka 1544 alipokewa na Shah Tahmasp wa Irani. Jauhar, mtumishi wake, aliandika kwamba mgeni huyo alimtunukia mwenyeji wake almasi kubwa. Hazina ikapungukiwa na kito, ila alichokipata Humayun kilikuwa na thamani zaidi. Tahmasp alikuwa ameanza kuupa kisogo uchoraji, na wachoraji wake wawili, Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad, wakamfuata Humayun Kabul mwaka 1549. Alipoitwaa tena Delhi mwaka 1555, walikuwa naye.

Wapo wanaoona katika kisa hiki ushahidi kwamba Irani iliipa India sanaa yake. Hoja hiyo haijitoshelezi. Ni kweli kwamba wageni hao ndio waliosimamia, kwa kupokezana, Hamzanama ya Akbar, mwana wa Humayun: picha zipatazo 1,400 zilizochorwa juu ya kitambaa cha pamba kwa takriban miaka 15. Lakini karakana ilijaa wachoraji wazawa, miongoni mwao Daswanth, Mhindu mwana wa mchukuzi wa machela, aliyefunzwa na Abd al-Samad. Maumbo makubwa na vitendo vyenye nguvu vinavyoonekana humo havikuwa desturi ya vitabu vya Tabriz. Mwalimu naye alibadilishwa na wanafunzi wake.

Leo picha zilizosalia hazifiki 200, na fungu kubwa kabisa, picha 60, liko Vienna. Orodha inayozitambulisha kwa jina la nchi moja tu inafuta safari iliyozizaa. Inapasa itaje pia mikono iliyozichora na njia iliyoikutanisha mikono hiyo. Bila ya hayo, mtafiti atajua kazi ilikuwa mali ya nani, asijue ilitokana na nini.