Ruzuku ya Mkulima wa Fizi

Swali la kama yafaa serikali imsaidie mkulima kwa mali ya umma huulizwa aghalabu kana kwamba ipo hazina iliyojaa, ingojayo idhini tu ya kufunguliwa. Lakini Fizi na Baraka, katika Kivu Kusini ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako watu hulima muhogo, mahindi, mpunga na karanga baina ya milima na Ziwa Tanganyika, swali hilo lina sura nyingine, maana mkulima wa huko humlisha mtoza ushuru kabla hajapata msaada wowote.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Kongo namba 11/022 ya tarehe 24 Desemba 2011, kuhusu kilimo, iliahidi mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo na nafuu ya forodha kwa pembejeo. Na kabla yake, mwaka 2003, wakuu wa Afrika walikubaliana Maputo kutenga asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Fedha nyingi zilipotoka kweli, hazikumfikia mwenye jembe: zilikwenda Bukanga-Lonzo, shamba kubwa lililozinduliwa mwaka 2014 magharibi ya nchi, likafa, na mwaka 2025 Mahakama ya Katiba ikamtia hatiani waziri mkuu wa zamani, Augustin Matata Ponyo, kwa ubadhirifu wa fedha za mradi huo.

Watetezi wa ruzuku hutaja Malawi, ambayo baada ya ukame wa mwaka 2005 iliwapa wakulima wadogo hati za kununua mbolea na mbegu kwa bei nafuu, na mavuno ya mahindi yakaongezeka. Hoja hiyo ina uzito, wala si insafu kuipuuza. Ila mpango huohuo ulimeza sehemu kubwa ya bajeti ya kilimo, na manufaa yake yalihitaji barabara za kufikisha mifuko na soko la kupokea ziada. Mfuko wa mbolea nafuu una faida gani kwa mtu ambaye gunia lake la muhogo hutozwa katika kila kizuizi cha barabara, na mwenye kizuizi huwa leo askari wa serikali, kesho mtu wa kundi lenye silaha? Watafiti wa taasisi ya utafiti ya IPIS walihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini mwaka 2017. Basi ruzuku ya kwanza, isiyohitaji hata feranga moja ya hazina, ni kuacha kumnyang'anya mkulima alichokwisha kuvuna.

Ya pili ni vipandikizi safi vya muhogo. Ugonjwa wa batobato huenezwa na nzi weupe na pia na mashina yenyewe, hata mkulima akatapo shina shambani mwake huweza kupanda upya maradhi ya mwaka uliopita. Na hakuna mfanyabiashara atakayejitia katika kuuza bidhaa ambayo mnunuzi ataizalisha mwenyewe baada ya msimu mmoja. Hapo ndipo fedha ya umma ina dhima ya wazi, kwa kuwa faida ni ya wote na soko halina tamaa nayo. Na vyama vya wakulima vyenyewe, vikilipwa kuzalisha vipandikizi hivyo, vingeifanya kazi hiyo karibu na mashamba.

Lakini ugawaji wahitaji hekima kubwa. Wabembe, Wafuliiru, Wabuyu na Banyamulenge wamemwaga damu nyingi katika nchi hii, na orodha ya wapokeaji itakayoonekana kupendelea kabila moja itakuwa fitina mpya. Tena orodha itakayoandika majina ya waume peke yao itawasahau wanawake, ambao ndio wapandao na kupalilia. Yasomwe majina hadharani, mbele ya wazee na vyama vya wanawake, kila kijiji kijue nani alipewa nini.

Wapo wasemao kwamba, tangu Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini, ilipotekwa na waasi wa M23 mwezi wa Februari 2025, mazungumzo haya hayana wakati wake. Kinyume chake ndicho kweli: vita hudumu kwa kodi za barabarani, na serikali itakayoviondoa vizuizi vyake yenyewe itakuwa imemsaidia mkulima na kuvipunguzia vita riziki yake kwa tendo moja.