Seti buku yako ingekuwa ngoma kali, waulize Wajapani

Wacha nikuulize, na usinidanganye: mara ya mwisho ulisoma riwaya bila kuogopa kwamba itatoka kwenye mtihani ilikuwa lini? Kama wewe ni mwenzangu, ulifunga seti buku siku ya karatasi ya tatu ya Kiswahili, KCSE ikaisha, na kitabu kikaenda kwa mdogo wako au kwa muuza njugu.

Mimi nilizidisha. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo imekwama, niliapa kwamba mimi na vitabu basi, kila mtu ashike njia yake. Aliyekuja kunirudisha hakuwa mhadhiri wala mzazi. Ni wazee watatu wa Japani wanaopiga hevi metali.

Bendi yao inaitwa Ningen Isu. Usiku mmoja nilikuwa na data ya kuisha saa sita, nikabonyeza video yao YouTube hivi tu, kuimaliza. Mmoja kanyoa kipara, uso kaupaka nyeupe, kavaa kama mtawa wa Kibudha. Mwingine ana nywele ndefu, miwani na kimono, kama mwandishi aliyetoroka kwenye picha ya zamani. Halafu gitaa likaingia, zito, polepole, kama trela linalopanda Mai Mahiu. Data iliisha, mimi bado nimeganda hapo.

Kesho yake nikatafuta maana ya jina. Ningen Isu ni kiti cha binadamu. Ni hadithi fupi ya Edogawa Ranpo ya mwaka 1925, kuhusu fundi anayejificha ndani ya kiti alichokiunda mwenyewe, kisha anamwandikia barua mwanamke ambaye amekuwa akikikalia. Jaribu kuisoma usiku ukiwa peke yako kwenye bedsitter, halafu uniambie kama utakaa kwenye sofa.

Hapo ndipo niligundua bendi nzima ni maktaba. Albamu yao ya mwaka 1990, Ningen Shikkaku, ilichukua jina la riwaya ya Osamu Dazai ya mwaka 1948. Humo kuna kijana anayechekesha watu kila siku ili wasijue vile anawaogopa. Hao si nusu ya watu unaowafuata TikTok? Mwaka 1993 wakatoa Rashomon, jina la hadithi ya Ryunosuke Akutagawa ya mwaka 1915. Mtumishi amefutwa kazi, hana pa kulala, mvua inanyesha. Anamkuta bibi kizee akinyofoa nywele za maiti ili atengeneze wigi. Sasa jamaa lazima aamue: afe njaa ama awe mwizi? Mtu yeyote aliyewahi kuzunguka Industrial Area na bahasha ya vyeti anaielewa hiyo hadithi bila mwalimu.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Rashomon ni hadithi inayosomeshwa shule za upili Japani. Kwa maneno mengine, ni seti buku yao. Watoto wao nao wanaulizwa maswali ya dhamira na wahusika, na bila shaka wengine wanasinzia. Lakini kuna waliotoka darasani wakaibeba ile hadithi, wakaipigia ngoma na gitaa hadi sisi wa Nairobi tukaisikia. Fasihi yao haikubaki chini ya ulinzi wa mtihani.

Kuna jambo lingine. Waanzilishi wawili wa bendi hiyo, Shinji Wajima na Kenichi Suzuki, wanatoka Hirosaki, mkoa wa Aomori, kaskazini kabisa mwa kisiwa kikuu. Eneo hilo linaitwa Tsugaru, na Dazai pia ni wa huko. Lafudhi ya Tsugaru ni nzito kiasi kwamba mtu wa Tokyo anaweza kupotea kabisa. Wangeweza kuificha, vile wewe unaficha lafudhi ya kwenu ukipigiwa simu na bosi. Wao wanaiimba. Tena Wajima anapiga gitaa akifuata mtindo wa shamisen ya Tsugaru, ala ya nyuzi tatu iliyokuzwa na wanamuziki vipofu waliokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba wakiomba riziki. Ala ya ombaomba leo inatikisa majukwaa.

Wao si peke yao. Kama unatazama anime, na najua unatazama, pengine ulishawasikia Onmyo-Za kwenye Basilisk ya mwaka 2005 bila kujua ni nani. Basilisk inatokana na riwaya ya Futaro Yamada kuhusu koo mbili za ninja, na vijana wawili wanaopendana katikati ya vita hivyo. Bendi hiyo ilianza mwaka 1999, hupanda jukwaani na kimono, na huimba kuhusu yokai, yale mazimwi na majini ya hadithi za bibi. Halafu kuna Wagakki Band, waliochanganya gitaa la umeme na koto, filimbi ya mwanzi na ngoma za taiko. Mwimbaji wao, Yuko Suzuhana, alifunzwa shigin, sanaa ya kughani mashairi. Video yao ya Senbonzakura ya mwaka 2014 imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Mashairi hayo!

Najua utaniambia hevi metali ni kelele za wazungu na hao Wajapani wameiga tu. Ni kweli wameiga. Ningen Isu hawafichi kwamba wamelelewa na Black Sabbath. Hata Edogawa Ranpo si jina la kuzaliwa. Litamke haraka kwa Kijapani utasikia Edgar Allan Poe. Kuiga si dhambi. Cha muhimu ni nini unakimimina kwenye chombo ulichoazima.

Pia sitakudanganya kwamba njia hii inalipa haraka. Ningen Isu walipita miaka mingi mikavu, wakifanya vibarua ili bendi isife. Mlango ulifunguka mwaka 2019, wimbo wao Heartless Scat ulipotazamwa na mamilioni duniani, na Februari 2020 wakafanya ziara yao ya kwanza Ulaya, Ujerumani na Uingereza. Walikuwa wameshapita miaka 50. Albamu yao ya mwaka 2019 waliiita Shin Seinen, yaani kijana mpya, jina la jarida la zamani lililochapisha hadithi za Ranpo. Wewe una miaka 24 na unasema umechelewa.

Turudi nyumbani. Sisi tuliandika "mwacha mila ni mtumwa" kwenye insha, tukapata alama, tukaendelea na maisha. Wengine tulivishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama, na hadi leo tunashtuka ikitutoka mbele ya watu. Ilhali mali tunayo. Fumo Liyongo, jitu la Pwani lisiloshindwa kwa mshale, linauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Kama hiyo si metali, ni nini? Al-Inkishafi inatutembeza ndani ya majumba ya Pate yaliyobaki magofu, popo wakiwa ndio wenye nyumba. Hizo tunaziacha zikae kwenye kabati la mwalimu wa fasihi.

Uwezo wa kupiga kelele hatujakosa. Duma, vijana wawili wa Nairobi, walitoa albamu mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na jina lao ni giza kwa Kikikuyu. Wameonyesha mlango upo.

Kwa hivyo leo sikuambii uanze bendi. Nakuomba kitu kidogo. Itafute ile seti buku uliyoichukia, uisome bila kalamu mkononi. Hakuna anayesahihisha. Mimi nilianza na Utengano mwezi jana, nakala ya mitumba ya pale Tom Mboya, kurasa zikiwa na majibu ya mtu mwingine pembeni. Niliyaruka yote. Mara ya kwanza maishani nilitaka tu kujua nini kitatokea.