Vitabu vya sayansi kwa vijana wa Mbinga na Nyasa: kununua ni mwanzo tu

Mitaala iliyoboreshwa, ambayo utekelezaji wake ulianza kwa awamu mwaka 2024, inamtaka mwanafunzi atafute maarifa na kuyatumia badala ya kukariri. Kwa shule za sekondari za Wilaya ya Mbinga na jirani yake Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, matakwa hayo yanaibua swali la rafu: kijana akimaliza kitabu cha kiada cha Fizikia au Biolojia, asome nini kingine?

Kitabu cha kiada kina mwenyewe, ambaye ni Taasisi ya Elimu Tanzania. Vitabu vya ziada mara nyingi huja kwa misaada, na idadi yake huripotiwa kwa fahari. Hata hivyo, idadi peke yake haitoshi, kwa kuwa kitabu cha sayansi huzeeka haraka kuliko riwaya. Kilichochapishwa kabla ya Agosti 2006 humfundisha msomaji kuwa sayari ni tisa. Jedwali la elementi la kabla ya 2016 halina majina rasmi ya elementi namba 113, 115, 117 na 118. Fasili ya kilogramu nayo ilibadilika Mei 2019.

Ugumu uko katika kuviondoa vitabu hivyo. Kitabu kilichoingizwa kwenye leja ni mali ya umma, nacho hakitupwi bila utaratibu wa kufuta mali. Mwalimu anayesimamia maktaba, ambaye kwa kawaida ana vipindi vyake vya kufundisha, huona ni salama zaidi kukiacha kilipo. Hofu hiyo inaeleweka, lakini matokeo yake ni rafu iliyojaa ambayo kijana huipita bila kugusa kitu. Ukaguzi wa rafu mara moja kwa mwaka, wenye orodha iliyosainiwa na mkuu wa shule na kuwasilishwa halmashauri, ungemlinda mwalimu na kumsaidia msomaji.

Uchaguzi wa vitabu vipya nao unastahili kuanzia nyumbani. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingineko duniani. Kina chake kinazidi mita 700, na maji yaliyo chini ya mita zipatazo 200 hayana oksijeni. Kijana wa Liuli au Lituhi anayeona usipa wakianikwa kila siku ana sababu ya kuuliza kwa nini samaki hawaishi huko chini, na jibu lake ni somo la Kemia na Biolojia kwa pamoja. Milimani, kilimo cha ngoro cha Wamatengo, chenye mashimo yanayokinga maji ya mvua na nyasi zinazofukiwa kuwa mbolea, kimechunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kahawa ya Mbinga na makaa ya mawe ya Ngaka vina sayansi yake pia. Maandishi ya namna hii yapo zaidi katika ripoti za watafiti kuliko katika vitabu vya vijana, na hapo waandishi na wachapishaji wa Kitanzania wana kazi.

Suala la lugha halikwepeki. Mwanafunzi anayetoka darasa la saba akiwa amesoma Sayansi kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza kidato cha kwanza. Kitabu cha Kiswahili kinachoeleza dhana ileile humvusha, hasa katika mwaka huo wa kwanza.

Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu inasaidia palipo na vifaa na intaneti. Kwingine kitabu cha karatasi kitaendelea kuwa tegemeo, nacho kina maadui wake: mchwa, vumbi, na unyevu wa mwambao wakati wa mvua. Rafu iliyoachanishwa na ukuta na kuinuliwa kutoka sakafuni ni gharama ndogo.

Maktaba ya Mkoa wa Ruvuma, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iko Songea, takriban kilomita 100 kutoka Mbinga mjini. Kwa shule za mwambao, safari hiyo ni ndefu zaidi. Lakini lami sasa inaunganisha Mbinga na Mbamba Bay, na kasha la vitabu 50 linaweza kuzunguka baina ya shule kila muhula. Kinachosubiri kuamuliwa na halmashauri husika ni nani atalisafirisha, na leja ya kasha hilo itakaa ofisi ipi.